Pijo ya Mzee na Lile Neno "Urejesho"



Mlioona picha niliyoweka Jumanne, ndiyo, miguu ile inayotokeza chini ya gari ni yangu, na ndiyo, ile ni Peugeot 504. Stesheni wagon, viti safu tatu, namba ya zamani zile zisizo na herufi mwishoni, kabla ya KAA kuanza mwaka wa 1989. Mmecheka sana. Mmoja ameniandikia inbox, "Pasta, wenzako wanaendesha V8, wewe unafufua mifupa?" Nikamwambia mifupa mikavu ndiyo kazi niliyoitiwa.

Mwingine ameuliza kama pesa hizo hazingelipa karo ya mtoto yatima. Huyo simlaumu. Mchungaji akiulizwa habari ya pesa anapaswa kujibu, tena hadharani, kwa hiyo nitajibu hapa: hakuna shilingi ya sadaka iliyoingia kwenye gari hili. Linakula mahindi. Nina kipande cha shamba Njoro, na kila nikivuna naweka magunia kumi kando. Hayo ndiyo yanayonunua spea. Mahindi yakikosa bei, gari linalala. Mwaka jana lililala miezi saba.

Lakini leo nataka tukae kidogo juu ya neno moja ambalo sisi wahubiri tumelitumia mpaka limepauka: urejesho. Utalisikia kila mwanzo wa mwaka. "Huu ni mwaka wako wa urejesho!" Kanisa linaruka, kinanda kinapanda, jirani anaambiwa amwambie jirani. Nami nimelihubiri, na bado naliamini. Ila tangu nianze kazi hii ya Pijo, nikilisikia likitajwa kwa haraka hivyo, pua yangu inanusa kutu. Urejesho una harufu, mpendwa. Una vumbi la msasa kwenye nyusi na grisi ambayo hata sabuni ya kipande haitoi.

Kwanza nikuambie gari lenyewe, maana vijana wetu wanaijua Pijo kama kitu cha kuwekea kuku. Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kuna miaka aliyoikariri kama wengine wanavyokariri Zaburi: 1963, 1966, 1967, 1968. Hiyo ni miaka ambayo Peugeot 404 ilishinda Safari Rally, na ile ya 1966 na 1967 aliishinda Bert Shankland, dereva aliyetoka hapo jirani Tanzania. Kisha 504 ikashinda 1975 mikononi mwa Ove Andersson, na 1978 ile ya milango miwili ikashinda na Jean-Pierre Nicolas. Kwa Mzee, huo ulikuwa ushahidi wa kutosha. Gari likiweza matope yetu ya Pasaka na bado lishike nambari moja, unataka mahubiri gani mengine? Zilikuwa zikiunganishwa hapa kwetu Mombasa, na ukisafiri Nakuru hadi Nairobi enzi zile, ulikaa kwenye Pijo umebanwa na abiria wengine, dereva amevaa kofia, na hakuna aliyethubutu kumwambia apunguze mwendo.

Mzee alinunua yake mwaka wa 1991, ikiwa imeshatumika, kwa mkopo wa sacco ya walimu. Ilituchukua miaka mingi kuelewa kwamba haikuwa yetu peke yetu. Mama akipatwa na uchungu usiku pale kijijini, Pijo. Kwaya ikialikwa Molo, Pijo, na kwaya yote iliingia, usiniulize vipi. Mtu akifariki hospitalini na familia haina kitu, viti vya nyuma vililazwa.

Halafu ikaja Januari 2008.

Unaikumbuka. Kama uliishi Bonde la Ufa huhitaji nikukumbushe, na kama hukuishi huku, Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa katika miezi ile miwili. Mimi nilikuwa Nairobi, chuo cha Biblia. Kadi za simu zilikuwa zimeadimika, mtu anakusambazia salio la shilingi ishirini kama anakupa damu. Habari za nyumbani nilizipata vipande vipande. Kutoka kwetu mpaka Nakuru mjini ni kama kilomita 20, na kwenye uwanja wa maonyesho pale Nakuru watu walikuwa wanakusanyika maelfu. Mzee alikuwa na majirani wa kabila lingine. Aliwapakia kwenye Pijo, akawapeleka. Akarudi. Akapakia wengine. Mara ya tatu kizuizi cha barabarani kilikuwa kimeongezeka watu, na mawe yakaanza.

Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, alikuwa na miaka 17. Ndiye aliyekaa mbele na Mzee safari zote tatu, kazi yake ilikuwa kuhesabu watoto wakipanda na kuwahesabu tena wakishuka. Jiwe moja lilivunja kioo cha nyuma, kikamkata mama mmoja aliyekuwa safu ya tatu. Jingine likabonyeza mlango wa nyuma wa kushoto. Jingine likavunja taa. Mzee hakusimama. Walifika wote. Yule mama alishonwa paji la uso, na kovu lake nililiona mwaka wa 2014, alipokuja kumzika Mzee. Alitoka kaburini, akapita pembeni ya ghala ambako gari lilikuwa limeegeshwa, akaweka kiganja kwenye ule mlango, akakaa hapo kitambo. Kisha akaenda kula na wengine.

Gari lilikuwa limesimama pale tangu 2009. Mzee alisema limechoka. Nadhani alikuwa anasema habari zake mwenyewe.

Sasa, mambo ya urithi unayajua. Gari la marehemu huwezi kuligusa kisheria mpaka mahakama itoe barua za usimamizi wa mirathi, ndipo uende kubadilisha logbuku. Kama una gari la baba yako chini ya mwembe na unapanga kulifufua, anzia hapo kabla hujanunua hata plagi moja. Sisi ilituchukua muda. Na barua zilipotoka, akatokea mnunuzi wa vyuma chakavu, akatoa shilingi 40,000, anabeba mwenyewe. Mdogo wangu akasema liuzwe. Dada yangu akanyamaza. Mimi nilisema lisiuzwe.

Watu wa nje walidhani ni vita vya pesa. Si kweli, na nilijua tangu mwanzo kwamba si kweli. Ndugu yangu hakuwahi kuomba hata mia tano kutoka kwenye mali ya Mzee. Alitaka tu lile gari lisiwepo. Akija nyumbani Krismasi alikuwa anazungukia nyuma ya choo ili asipite kwenye ghala. Mama alilijua hilo pia. Alikaa wiki mbili, akaomba, kisha akanipa ufunguo mimi na kusema, "Litengeneze polepole. Usimharakishe." Mpaka leo sijamuuliza alikuwa anasema nisiharakishe gari au ndugu yangu.

Nilianza kama Nehemia. Nampenda Nehemia kwa sababu hii: alipofika Yerusalemu hakuitisha mkutano. Alitoka usiku na watu wachache, akazunguka ukuta akitazama palipoanguka na palipoungua, mahali pengine hata mnyama aliyempanda akakosa pa kupita. Soma mwenyewe sura ya pili. Alitazama kwanza, akasema baadaye. Fundi wa bodi alinipa bisibisi na kuniambia, "Mchungaji, gonga kila mahali. Ukisikia sauti ya bati, sawa. Ukisikia sauti ya ugali, weka chaki."

Nilimaliza chaki. Sakafu chini ya mikeka, ugali. Chini ya milango, ugali. Kwenye ukingo wa kioo cha mbele, ambako maji ya mvua hujificha miaka, ugali. Na pahali pamoja palipoonekana pazuri kabisa, palipong'aa, bisibisi iliingia mpaka kwenye mpini, kwa sababu fundi fulani wa zamani alijaza puti nene kama kidole juu ya kutu akapaka rangi. Mpendwa, nimekaa ofisini na watu walio hivyo. Nguo safi, "Bwana asifiwe Pasta", na mahali palipong'aa kuliko pote ndipo hapafai kuguswa.

Puti yote ilitolewa. Bati bovu likakatwa mpaka lilipo zima, likachomelewa jipya. Kazi hiyo ndiyo iliyokula magunia mengi kuliko injini, na haionekani kwenye picha hata moja.

Injini nayo nikuambie, maana nimeipenda. Yetu ni ya sentimita za ujazo 1,971, bloku la chuma na hedi ya alumini, na ndani yake silinda ni laini zinazochomoka, maji yanazizunguka moja kwa moja. Ilikuwa imeganda. Kwa gari jingine ungepeleka bloku kwa mashine likachongwe. Kwa hii unatoa laini nne na pistoni zake, unaweka mpya, mradi zikae sawa chini na zichomoze kidogo sana juu ya bloku ili gaskiti ishike. Mtu aliyeibuni alijua kwamba siku moja itafunguliwa mbali na kiwanda, chini ya mti, na watu wasio na mashine.

Vijana wangu wawili wa gereji waliifunga vizuri, ikakataa kuwaka. Siku mbili. Ilikuwa inakohoa moto kupitia kabureta kama inamkemea mtu. Tukamwita mzee mmoja aliyezeekea kwenye Pijo, anatembea na fimbo. Hakugusa kitu. Aliuliza tu, "Namba moja mmehesabu kutoka wapi?" Wakasema kwenye radieta, kama magari yote. Yule mzee akacheka mpaka akashika fimbo kwa mikono miwili. "Mfaransa anahesabu kutoka nyuma, kwenye flaiwili." Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2, na ajabu yake ni kwamba ukihesabu kutoka upande wowote unapata mpangilio huohuo, kwa hiyo nyaya zinaonekana ziko sawa huku cheche inakuja wakati ambao si wake. Alizihamisha nusu ya mzunguko kwenye kifuniko cha distributa. Ikawaka kabla mtu hajaondoa mkono.

Tangu siku hiyo, wanandoa wakija wamekasirikiana na kila mmoja anasema maneno ambayo ni ya kweli kabisa, huwa nawauliza swali la yule mzee. Mnahesabu kutoka wapi?

Kuhusu kubadilisha gari, maana wengi mmeuliza kama nitaweka injini ya dizeli ya Toyota. Wengi wamefanya hivyo na magari yao yanatembea. Mimi nimekataa. Ukibadilisha injini lazima NTSA wajulishwe, gari likaguliwe na logbuku ibadilike, na watu wengi wanaruka hatua hiyo kisha wanasumbuka barabarani au siku ya kuuza. Lakini sababu yangu kubwa ni masikio ya Mama. Alivyoisikia ikiwaka, alitoka jikoni na mwiko mkononi.

Hata hivyo sikulirudisha lilivyokuwa. Lilivyokuwa halikuwa na mkanda hata mmoja nyuma, na watoto wa ndugu zangu ndio watakaokaa huko. Serikali ilipowalazimisha matatu kufunga mikanda mwaka wa 2004, sheria za marehemu Michuki, Mzee alizisifu sana huku anaendesha gari lisilo nayo, alikuwa mtu wa hivyo. Tumechomelea vipande vya chuma kizito chini ya sakafu, pale boliti za mikanda zitakaposhika, maana mkanda uliofungwa kwenye bati jembamba ni mapambo tu. Breki tulizifanya zote kabla hatujagusa injini. Nakusihi ushike utaratibu huo hata kama huna haraka: kusimama kwanza, kwenda baadaye, rangi mwisho kabisa. Springi za nyuma nimezibadilisha zote nne. Ndiyo, nne, mbili kila upande, ndiyo siri ya ile kwaya. Muuzaji mmoja wa Kirinyaga Road alijaribu kunipa za saluni akaapa kwa jina la mama yake.

Zikabaki nyaya. Panya walikuwa wamekula karibu zote. Na mdogo wangu, mpendwa, ni fundi wa stima.

Sikumwomba. Mama ndiye aliyempigia, akamwambia tu kwamba kuna kijana anataka kufunga nyaya za Pijo na anatumia rangi moja kwa kila kitu. Jumamosi saa mbili asubuhi ndugu yangu akashuka kwenye matatu na mkoba wake wa vifaa. Hakupita nyuma ya choo. Alikuja moja kwa moja, akatazama zile nyaya, akasema, "Hii ni aibu," akavua shati.

Alifanya kazi Jumamosi nne. Ametoa platini, ameweka mfumo wa kielektroniki ndani ya distributa ileile, ukiitazama huwezi kujua. Taa za mbele ameziwekea rilei, ili umeme mwingi usipite kwenye swichi na kuiunguza. Jumamosi tatu za kwanza tuliongea habari za mpira na bei ya shaba. Ya nne alikuwa amekaa kiti cha mbele, kile cha kushoto, anapitisha waya chini ya dashibodi, mimi niko nje nimeshika tochi. Akaanza kuniambia. Hakuniangalia. Aliniambia hesabu ya watoto, safari ya kwanza tisa, ya pili kumi na mmoja, ya tatu saba. Aliniambia kwamba walipofika uwanjani aliwahesabu akapata sita, na akawahesabu tena akapata sita, na kwamba ilikuwa kama dakika tano kabla mtoto wa saba kuonekana, amejibana chini ya kiti, hajaumia, amelala. Amebeba zile dakika tano miaka yote hii. Na kwamba kati ya wale waliorusha mawe kulikuwa na kijana waliyekaa naye dawati moja.

Nina stashahada ya theolojia. Nimefundishwa ushauri nasaha muhula mzima. Nilishika tochi. Alipomaliza alisema, "Leta tepu," nikampa tepu.

Wiki iliyofuata fundi wa bodi alifika kwenye ule mlango wa kushoto na nyundo yake ya mpira. Ni dakika ishirini, alisema, linyooke, hutajua kitu kiliwahi kugonga hapo. Ndugu yangu akasema, "Wacha kwanza."

Nimewaza sana juu ya hilo "wacha kwanza". Tunahubiri urejesho kana kwamba ni kufuta. Lakini mwili mzima kuliko yote uliowahi kutembea duniani, mwili uliotoka kaburini asubuhi ile, ulitoka na alama za misumari. Aliyeshinda mauti angeshindwa kufuta mashimo mikononi? Aliyaacha. Tena akamwambia Tomaso aweke kidole. Na Yoshua, walipovuka Yordani, aliagizwa yachukuliwe mawe kumi na mawili yawekwe mahali, makusudi kabisa, ili watoto wakiuliza ni ya nini waambiwe. Kuna upande wa pili pia, nami siupuuzi. Ndugu yangu ndiye atakayelitazama bonde lile kila akifungua mlango. Si lako wala si langu kumwambia aliweke awe na ushuhuda. Kuna mahubiri ambayo mtu anahubiriwa kwa jeraha lake mwenyewe bila kuombwa ruhusa, na kwa maoni yangu hayo ni ukatili uliovaa suti.

Kwa hiyo ule mlango umesuguliwa, umepakwa praima ili usipate kutu, na bonde lake limo. Gari zima tumechagua nyeupe ya maziwa, karibu na ile ya zamani. Rangi inapigwa mwezi ujao mahindi yakiuzwa. Mlango utapigwa mwisho. Ndugu yangu atasema. Akisema unyooshwe, nyundo ipo. Mama ametoa maoni yake pia, lakini amemwambia yeye peke yake, nami sijaambiwa.

Jumamosi hii tunafunga mikanda ya safu ya tatu. Kilichobaki ni taa ya nyuma ya kushoto, ile iliyovunjwa na jiwe. Ya saluni haiingii, taa za stesheni wagon ni tofauti, na nimezunguka Nakuru yote na Nairobi nusu. Ukijua mtu ana Peugeot 504 stesheni wagon imekufa shambani, taa ya kushoto nzima, nitumie picha inbox. Nitalipa bei ya haki, na usafiri juu yangu.